Chombo kipo, maji hayapo: futari ya kaya 60 ilivyokwama Mkokotoni

Nimeondoa majina ya watu, ya kamati, ya duka na ya kijiji, na mwaka pia sikuutaja. Mahali nimepaacha, kwa sababu bila bahari ya Mkokotoni kisa hiki hakieleweki. Mimi nilikuwa mshika fedha, kwa hiyo baadhi ya makosa yaliyomo humu ni yangu mwenyewe.

Usuli

Kamati yetu ina watu tisa, karibu sote wakaazi wa mjini Unguja. Kila mwaka kabla ya Ramadhani tunachangishana na kupeleka vyakula kwa kaya zenye shida. Miaka minne mfululizo tulipeleka vijiji vya shamba, ambako gari linafika mpaka barazani kwa mtu. Mwaka wa tano ndugu mmoja wa kamati, mwenye asili ya Tumbatu, akaomba zamu hii twende kwao. Tukakubali mara moja. Sheha, kiongozi wa serikali wa pale kijijini, akatuletea orodha ya kaya 60: wajane, wazee wasio na mtu, wenye ulemavu, na wavuvi wawili watatu waliopoteza vyombo.

Tumbatu iko kaskazini-magharibi mwa Unguja, ng'ambo ya mkondo mwembamba, na ukisimama ufukweni Mkokotoni unaiona wazi. Ardhi yake kwa sehemu kubwa ni maweni, wenyeji wanaishi kwa bahari, na polo la mchele likitakiwa kule lazima livuke maji. Kutoka mjini hadi Mkokotoni ni barabara ya lami, daladala namba 101 inakwenda na kurudi kutwa. Ukiwa na gari lako ni saa moja, pengine pungufu.

Kila kaya tuliipangia mchele kilo 10, unga wa ngano kilo 5, sukari kilo 5, mafuta ya kupikia lita 2 na tende kilo 1. Kwa jumla tulinunua mapolo 12 ya mchele ya kilo 50, mifuko 12 ya unga ya kilo 25, mapolo 6 ya sukari ya kilo 50, madumu 6 ya mafuta ya lita 20 na maboksi 6 ya tende ya kilo 10. Vitu 42, uzito unakaribia kilo 1,370. Tulinunua vya jumla, vifungio vikubwa, kwa sababu polo zima ni rahisi zaidi kuliko kilo moja moja. Hesabu hiyo niliifanya mimi, na dukani ilikuwa sahihi.

Kwenye bajeti kulikuwa na kodi ya gari na nauli ya chombo. Kwenye mstari wa uchukuzi wa mkono niliandika sifuri. Tuko wengi, nilisema, tutabeba wenyewe.

Tulivyopanga

Mpango uliandikwa kwenye karatasi moja na ulikuwa wa Alhamisi, tarehe 28 Shaaban: saa 2:00 kupakia dukani, saa 3:30 kufika Mkokotoni, saa 4:30 kuvuka, adhuhuri tuswalie kijijini, alasiri tugawe, magharibi tuwe majumbani kwetu.

Siku mbili kabla, katibu alimpigia simu nahodha. Nilikuwepo, na simu ilikuwa juu ya spika.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, Alhamisi asubuhi chombo kitakuwepo?"

"Kitakuwepo. Kiende wapi?"

Tukacheka, katibu akashukuru, simu ikakatwa. Maandalizi yetu yote ya upande wa bahari yaliishia hapo.

Siku yenyewe

Gari, kanta ya kukodi, lilifika Mkokotoni saa 3:40. Nahodha alikuwepo na chombo kilikuwepo kama alivyoahidi. Kilikuwa kimelala ubavu mchangani, kimepwelewa, na baina yake na sisi palikuwa na tope, mawe na nyasi za bahari kwa hatua kama mia tatu. Maji yenyewe yalianzia mbele zaidi ya hapo.

Dereva alishuka, akaangalia, akarudi kuketi. Gari alilikodisha mpaka saa sita, na alikuwa na mzigo mwingine mjini.

Tulianza kushusha. Bibi mmoja aliyekuwa akisubiri kuvuka na mashua hiyo hiyo, ameketi juu ya ndoo yake, alituangalia kwa muda bila ya kusema kitu. Mwisho akauliza: "Wajukuu zangu, mwezi unaandama kesho au keshokutwa, nyie mnatafuta maji saa tatu?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Yule ndugu yetu mwenye asili ya Tumbatu, ambaye alihamia mjini akiwa na miaka saba, aliangalia pembeni.

Saa 4:10 mzigo wote ulikuwa chini, ufukweni, juu ya majani ya mnazi. Gari likaondoka. Turubai letu la kufunikia likaondoka nalo, limekunjwa nyuma ya kiti cha dereva.

Saa 4:20 vijana wanne wa kamati waliamua wasikae bure. Wakachukua mifuko ya unga, kwa sababu ilikuwa myepesi kuliko mapolo, na kuanza kuipeleka chomboni kwa miguu. Mitatu ilifika. Wa nne ulikuwa kichwani mwa kijana aliyevaa kandambili. Kandambili moja ilibaki topeni, yeye akaenda upande, na mfuko ukatua kwenye kidimbwi. Kilo 25 za unga zikawa ujiuji wa maji ya chumvi. Nahodha akapaza sauti kutoka kwenye chombo, kwa mara ya kwanza siku hiyo: "Basi! Acheni maji yaje yenyewe."

Tukakaa. Kwenye saa sita wingu likatanda. Masika yalikuwa hayajaingia sawasawa lakini manyunyu yalishaanza kuonekana mchana, na sisi tulikuwa na sukari, unga na tende katika uwanda usio na paa. Nahodha na baharia wake wakavua tanga la chombo, wakalileta, wakafunika mzigo wote na kuweka mawe pembeni. Mvua ilinyesha robo saa. Polo moja la sukari, lililokuwa chini kabisa, lilikunywa unyevu kutoka mchangani. Vingine vilisalimika.

Saa 7:15 chombo kilianza kutikisika, saa 7:30 kikaelea, na baharia akakisogeza kwa pondo mpaka maji ya magotini. Vijana kumi na wawili wa diko, yaani pale vyombo vinapotia nanga, walikuja kuomba kazi. Tukaelewana shilingi 8,000 kila mmoja kwa kazi yote. Nahodha aliwapanga mstari kutoka ufukweni hadi ubavuni mwa chombo, mzigo ukawa unapita mkono kwa mkono. Mapolo ya kilo 50 hayakupita hivyo. Kila moja lilitaka wawili ndani ya maji, mmoja juu, na kelele nyingi. Boksi moja la tende lilipasuka njiani. Kilo nne hivi tuliziokota zimejaa mchanga, zikaachwa.

Kufikia nusu ya mzigo nahodha akasema imetosha, atarudi. Katibu akambembeleza, kwamba muda umekwenda na bahari imetulia. Jibu: "Chombo changu, mwanangu, lakini roho zenu." Safari ya kwanza ilivuka, na chombo kikarudi kuchukua nusu ya pili saa tisa kasoro. Kisiwani watu wa kijiji walikuwa wakisubiri na gari ya ng'ombe. Saa 10:30 kitu cha mwisho kilikuwa nchi kavu, maji yakiwa yameshaanza kurudi.

Maamuzi, na kwa nini tuliyafanya

Kuliachia gari liondoke ulikuwa uamuzi wa haraka. Sababu ilikuwa fedha: kulizuia mpaka saa nane kungeongeza kodi karibu nusu. Nikiangalia nyuma, naona hoja ya fedha ilikuwa sawa, ila tulisahau kwamba gari si usafiri peke yake, ni ghala pia. Lilikuwa paa letu, sakafu yetu kavu na turubai letu. Tungeshusha turubai kwanza kabla ya kitu chochote, lile polo la sukari lisingelowa.

Kubeba unga kupita topeni haukuwa uamuzi hasa. Ilikuwa aibu. Bibi alishatuuliza lile swali, watu wa diko wanatuangalia, na vijana wa mjini walitaka kuonekana wanafanya kitu.

Kulipa vijana wa diko badala ya kubeba wenyewe niliupinga mimi, kwa dakika kumi nzima, kwa sababu ya ile sifuri kwenye bajeti. Nilikubali nilipoona mmoja wao akitembea na polo ndani ya maji. Anajua wapi pa kukanyaga, sisi hatujui.

Kukubali safari mbili hatukuwa na sauti ndani yake, nashukuru Mungu.

Matokeo

Ulipotea mfuko mmoja wa unga, yaani sehemu ya kaya tano, na kilo nne za tende. Sukari iliyolowa iligandamana lakini ililika. Unga wa kufidia tulinunua rejareja katika duka la Mkokotoni kabla ya safari ya pili ya chombo. Uchukuzi uligharimu shilingi 96,000 ambazo hazikuwemo kwenye bajeti, nikazitoa kwenye fungu la dharura likabaki tupu.

Hasara kubwa ilikuwa ya muda. Ugawaji haukufanyika Alhamisi. Mafuta yalikuwa kwenye madumu ya lita 20 na mchele kwenye mapolo, kwa hiyo Ijumaa baada ya sala kijiji kizima kiligeuka duka: mizani moja ya kuazima, watu 60 na vyombo vyao, kibaba kinamwagika hapa, mafuta yanachuruzika kule. Wajane wazee walisimama juani kwa ajili ya kitu kilichokuwa haki yao. Kaya ya mwisho ilipata fungu lake watu wameshatoka nje kutafuta mwezi.

Uchambuzi

Swali la katibu lilijibiwa vizuri kabisa. Aliuliza kama chombo kitakuwepo, kikawepo. Alichotakiwa kuuliza ni saa ngapi kitaelea. Nahodha hakutuficha kitu. Kwake yeye hakuna mtu mzima asiyejua kwamba siku za bamvua, yaani za maji makubwa, asubuhi huwa ni kukavu, kama dereva wa daladala asivyomkumbusha abiria kwamba gari linakwenda barabarani. Ujuzi ambao kila mtu wa mahali anao ndio haufiki kwenye simu ya mtu wa mjini.

Na ujuzi wenyewe si mgumu. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ni bamvua: yanajaa sana na kupwa sana, na tofauti baina ya juu na chini katika maji ya Unguja inafika mita nne hivi. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yanasogea kidogo tu. Na pwani hii, siku za mwezi mwandamo, maji hujaa mnamo saa kumi na kukauka mnamo saa nne, mchana na usiku. Siku mbili kabla ya hapo rudisha nyuma saa moja na nusu, utapata kukavu saa mbili u nusu, saa tatu. Sisi tulifika saa 3:40, yaani tulikuwa tumechagua karibu saa mbaya kuliko zote za mchana ule.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba kosa hili tungelirudia kila mwaka bila ya kukosa. Sadaka ya Ramadhani hupelekwa mwisho wa Shaaban. Ya sikukuu hupelekwa mwisho wa Ramadhani. Zote mbili ni mwezi kuandama, zote mbili ni bamvua, zote mbili asubuhi ni tope. Kalenda ile ile tunayoitazama kwa ajili ya kufunga ilikuwa inatupa na saa ya bahari, na watu tisa tunaosali safu moja hakuna aliyeisoma hivyo.

Lakini hata tungefika saa nane maji yakiwa tele, bado tungetaabika, kwa sababu mzigo tuliufunga kwa kuifuata bei ya duka. Njia kutoka kaunta hadi mlango wa mjane wa Tumbatu ina vipande vitano: duka hadi gari, barabara, ufukwe hadi chombo, mkondo, na chombo hadi nyumba. Kipande kirefu kuliko vyote, barabara, hakituulizi kitu. Kanta inabeba polo la kilo 50 sawa na pakiti ya chumvi. Kile kifupi, cha hatua chache ndani ya maji ya magotini, ndicho kilichotakiwa kuamua ukubwa wa kifungio. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake namba 128 la mwaka 1967, linataja kilo 55 kuwa ukomo wa mzigo wa mkono kwa mwanamume mtu mzima. Hiyo kilo 50 yetu ilikuwa ndani ya ukomo, ila aliyebeba alikuwa majini, akipanda tope, akiinua juu ya ubavu wa chombo kinachoyumba.

Na faida ya bei ya jumla? Niliihesabu tena baadaye. Tulichookoa dukani kwa kununua vifungio vikubwa kilikuwa pungufu ya zile shilingi 96,000, hata kabla ya kuweka unga uliomwagika.

Yaliyofanikiwa hayakuwa yetu. Tanga, mstari wa mikono, kukataa kujaza chombo, gari ya ng'ombe iliyokuwa ikisubiri upande wa pili: yote yalikuwa ya wenyeji, na yote yaliibuka bila ya kikao. Kwenye kamati hatukuwa na mtu hata mmoja anayeishi kisiwani. Sheha tulimwomba orodha ya majina, hatukumwomba ushauri.

Safari ya sikukuu

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 28 Ramadhani, tulikwenda tena kwa kaya zile zile. Mara hii karatasi ya katibu ilianza na bahari: maji kujaa saa tisa u nusu, chombo kuelea saa saba u nusu, kwa hiyo gari lifike saa saba, kwa hiyo litoke mjini saa sita, kwa hiyo duka lipakie saa tano. Nahodha aliyasoma kwa simu na kusahihisha robo saa moja tu.

Tulifunga kwa kaya tangu mjini: mchele kilo 5, unga kilo 3, sukari kilo 2, chupa ya mafuta ya lita 1 na pakiti mbili za tambi, ndani ya kiroba kimoja chenye namba. Kilo kumi na mbili kasoro, mkono mmoja unainua. Hilo lilikuwa la lazima zaidi safari hii maana wabebaji walikuwa wamefunga, jua la saa nane, na hakuna kunywa. Viroba 60 vilipita mstarini kwa dakika 25, ilhali vile vitu 42 vya mwanzo vilichukua karibu saa moja na nusu. Sitaki kuisifu hesabu hiyo kupita kiasi. Mzigo wenyewe ulikuwa nusu ya ule wa kwanza, na safari ya chombo ikawa moja. Kijijini mtoto wa skuli alisoma namba na sheha akaita majina. Kabla ya alasiri kwisha kila mtu alikuwa kwake.

Kufunga kwenyewe kulitula usiku mzima baada ya tarawehe, watu sita, mizani mbili, na moja ya mizani hizo ilikuwa inapunja. Tuligundua kwenye kiroba cha ishirini na tatu, tukafungua vyote. Na chupa za mafuta tulizilaza juu ya unga. Vizibo vitatu vililegea ndani ya chombo, kaya tatu zikapokea unga wenye harufu ya mafuta. Mama mmoja alituambia kwa upole kwamba maandazi yatakuwa yameshakolea. Mafuta yanataka boksi lake, yasimame, yapite mstarini peke yake.

Jambo moja bado tunabishana. Mimi nataka Shaaban ijayo unga, sukari na mafuta tuvinunue Mkokotoni kwenyewe, tubebe mchele na tende tu kutoka mjini. Bei ni kubwa kidogo, ila mwenye duka amekubali kutufungia kwa kaya na kutuwekea ghalani kwake, hatua chache kutoka diko, mpaka maji yaje. Katibu anaogopa kuweka fedha yote ya watu kwa mtu mmoja mapema. Mwenye duka anataka nusu mkononi ifikapo katikati ya Rajabu, na michango yetu mpaka sasa haijafika hata robo.